Kutasa na Msamaha: Funzo kutoka Milima ya Taita

Aghalabu neno 'msamaha' hutumiwa kana kwamba lina maana moja iliyo bayana. Makala haya yanaeleza kwamba Mkristo anayeudhiwa ana kazi mbili, na kwamba utamaduni wa Wataita unatusaidia kuzitenganisha.

Kazi ya kwanza ni kufuta deni. Katika Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kosa limefananishwa na deni. Anayesamehe huacha kudai kisasi, hata kama mkosaji hajaomba radhi. Hata hivyo, deni laweza kufutwa kwa ulimi ilhali moyo ungali unatokota.

Kazi ya pili, basi, ni kuitoa hasira. Wataita waliifanya kwa tambiko la kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, anaeleza kuwa mtu alipiga funda la kinywaji, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuitupa hasira na kuomba heri. Iliaminika kwamba hasira iliyofichwa, hata iliyo ya haki, huweza kuwaletea wengine maradhi. Kwa hiyo, aliyekosewa ndiye aliyepaswa kutenda, tena kwa sauti.

Hata hivyo, kutasa ilihusu zaidi ndugu na majirani. Injili inaupanua mpaka huo: Yesu aliwaagiza wafuasi wake wawaombee hata wanaowaudhi. Mfano uko Sagalla, mlima ulio karibu na mji wa Voi, ambako mmisionari J. A. Wray alianza kazi mwaka 1883. Ukame ulipozuka, alishutumiwa kuwa ndiye aliyezuia mvua. Mwaka 1894 alichapisha kitabu cha kufundisha lugha ya watu hao hao. Kitabu hakitufunulii moyo wa mtu. Lakini kujifunza lugha ya anayekushutumu ni kukiri kwamba anastahili kusikilizwa.

Ieleweke kwamba rehema haibatilishi haki. Aliyedhulumiwa aweza kusamehe na bado akaenda mahakamani. Linalokatazwa ni kuiweka chuki akiba. Anayetamka 'nimesamehe' hana budi kujiuliza maswali mawili: je, deni nimelifuta? Na hasira, je, nimeitema au nimeimeza?