Je, Wajua? Amri Iliyoficha Mafaili Ili Kuyaokoa

Je, wajua kwamba ile alama ya C:\> kwenye kompyuta za miaka ya 1980 haikuwa DOS yenyewe? Iliwekwa pale na programu ndogo iitwayo COMMAND.COM, ambayo kazi yake ni kupokea amri na kuzitekeleza. Mwenye kompyuta aliweza kuweka programu nyingine mahali pake kwa mstari mmoja tu, ule unaoanza na SHELL= katika faili la CONFIG.SYS.

Waliofanya hivyo wengi walichagua 4DOS ya kampuni ya JP Software ya Marekani, iliyotoka mwaka 1989. Nafuu yake ilionekana siku hiyo hiyo. Kwenye MS-DOS, kuhamisha faili kulitaka hatua mbili, kulinakili kisha kulifuta la zamani, na amri ya MOVE haikuja hadi toleo la 6 mwaka 1993. 4DOS ilikuwa nayo mapema. Amri za nyuma nazo zilirudi kwa kubonyeza mshale wa juu.

Jina la faili la DOS halikuzidi herufi nane, nukta, na herufi tatu. Baada ya mwaka, nani atakumbuka MKATABA2.TXT ni mkataba gani? Kwa amri ya DESCRIBE ya 4DOS uliandika maelezo, kwa mfano «mkataba wa nyumba, uliosahihishwa», nayo yakaonekana kando ya jina kila ulipoorodhesha mafaili. Yalihifadhiwa katika faili lililofichwa, DESCRIPT.ION. Ukihamisha faili kwa 4DOS, maelezo yalilifuata; ukitumia programu isiyoyajua, yaliachwa nyuma.

Lakini amri ya ajabu kuliko zote, kwangu mimi, ni EXCEPT. Chukua mfano huu:

EXCEPT (*.DOC) DEL *.*

Maana yake: futa yote isipokuwa nyaraka za DOC. DOS haikuwa na njia ya kusema «isipokuwa», kwa hiyo 4DOS iliyapa mafaili ya DOC alama ya kufichwa, ikaiacha DEL ifute yote inayoyaona, kisha ikayafichua tena. Mbinu nyepesi, na ya werevu mkubwa! Umeme ukikatika katikati ya kazi, nyaraka hubaki zimefichwa, na mtu asiyejua siri hii angedhani zimepotea. Zipo salama, amri ya ATTRIB huziondolea ile alama.

4DOS hiyo hiyo iliuzwa pia ndani ya Norton Utilities kwa jina la NDOS. Leo ni ya bure, na hufanya kazi juu ya FreeDOS, mfumo ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, kwa hiyo mwenye kompyuta kongwe inayowaka bado anaweza kuijaribu EXCEPT. Aanze na nakala za mafaili, si mafaili yenyewe.