Jengo Linaloota Watu

Januari ya Bloomington haina mzaha. Mji huu uko jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na nyuzi 20 chini ya sifuri hazimshangazi mtu. Mgeni anashuka kwenye gari kajiviringisha skafu hadi puani, anakimbilia mlango wa Mall of America, na dakika tano baadaye koti liko mkononi, fulana mwilini, na watoto wameshamponyoka kuelekea kwenye rola kosta.

Ukumbi huo aliouingia hauna mtambo wa kuupasha joto. Mitambo ipo milangoni tu. Nyuzi 21 za ndani zinatokana na jua linalopenya paa la vioo, na taa, na miili ya watu wenyewe wanaozunguka humo. Zipo siku ambazo nje kumeganda, na ndani mafundi wanahangaika kupooza hewa kwa kuwa watu wamezidi. Bibi zetu waliota moto. Jengo hili linaota watu.

Sasa, mwenye kuota moto sharti ajue kuni zitatoka wapi. Mall of America ilifunguliwa tarehe 11 Agosti 1992, na katikati yake, chini ya vioo, kuliachwa karibu hekta tatu za michezo: reli za kupinda angani, farasi wa kuzunguka, magogo yanayoporomoka majini. Mwanzo paliitwa Camp Snoopy. Tangu 2008 ni Nickelodeon Universe. Maduka yameizunguka pande zote nne. Kwetu ngoma ikilia, wauza karanga hujisogeza wenyewe. Hapa muuza karanga kaanza kwa kuijenga ngoma.

Humo ndani kuna miti na maua ya kweli, maelfu kwa maelfu, na penye majani hapakosi vidukari. Kupuliza dawa mahali ambapo watoto wanashika kila kitu na kulamba vidole haiwezekani. Basi wanaletwa wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, maelfu yao, wanaachiwa kwenye majani wawale vidukari. Nakiri kwamba nimewapenda wadudu hao kuliko rola kosta zote.

Wazo la kuihamishia barabara ndani ya nyumba lilizaliwa mtaa wa pili, kwa namna ya kusema. Kilomita kama kumi kutoka hapo, mji wa Edina, kuna Southdale, iliyofunguliwa Oktoba 1956, jengo la kwanza Marekani la maduka yaliyofunikwa yote pamoja chini ya paa moja. Aliyelichora ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Katikati aliweka uwanja wenye mimea na tundu refu la ndege, akitamani Wamarekani wapate pahali pa kukaa na kuongea kama walivyokaa watu wa Vienna kwenye mikahawa yao. Alitaka pembeni kuwe na nyumba, shule na hospitali. Wenye fedha walichukua maduka, mengine wakamwachia. Uzeeni akarudi Vienna, akakuta jengo la aina ileile linasimamishwa nje ya mji, na akafa mwaka 1980 akiwa ameshaikana kazi yake hadharani.

Waliofikiria kutia rola kosta mahali pa tundu la ndege ni wengine: ndugu wa ukoo wa Ghermezian, Wairani ambao familia yao ilikuwa ya wauza mazulia kabla ya kuhamia Kanada. Jengo lao la kwanza la namna hii, West Edmonton Mall, lilianza 1981, na uwanja wa michezo ukafuata 1983. Hawakujua neno "inatosha". Walichimba ziwa la ndani, wakatia nyambizi nne za kupandisha abiria, wakati jeshi la majini la Kanada lilikuwa na tatu. Uwanja waliuita Fantasyland, na kampuni ya Disney ikawafikisha mahakamani kwa jina hilo. Baadaye ukaitwa Galaxyland.

Tarehe 14 Juni 1986, behewa la mwisho la rola kosta yao iitwayo Mindbender liliachia magurudumu, likagonga nguzo ya zege. Watu watatu walikufa. Boliti zilikuwa zimelegea. Ilitengenezwa, mwaka uliofuata ikarudi kazini, na ikaendelea kubeba watu hadi ilipotangazwa kung'olewa mwaka 2023. Jambo hili hunirudia kila ninapomfunga mwanangu mkanda kwenye chombo cha kuzunguka: unamkabidhi mtoto kwa boliti ambayo hujaiona, iliyokazwa na mtu usiyemjua.

Narudi Bloomington, ambako ndugu hao walijenga pia Mall of America, maana pana kitu ukutani. Kabla ya maduka, hapo palikuwa Metropolitan Stadium, uwanja uliobomolewa mwaka 1985. Juni 1967, Harmon Killebrew wa timu ya besiboli ya Minnesota Twins alipiga mpira ukapaa mita 158 hadi majukwaani. Pale alipokuwa amesimama pana bamba sakafuni, na ng'ambo ya pili, juu kabisa ukutani, wamefunga kiti kimoja chekundu kuonyesha ulipotua. Hakuna ngazi ya kukifikia. Chini yake magogo yanashuka na maji, watoto wanapiga kelele, na anayeinua macho ni mgeni aliyesoma habari hiyo kabla ya kuja.

Mzazi wa Dar es Salaam hahitaji kufika Minnesota kuuelewa mpango huu wa ngoma na karanga. Jumamosi moja niliingia jengo la maduka kununua balbu. Balbu moja. Binti yangu akasikia mlio wa mashine kabla sijauona mlango wa duka. "Baba, tukachaji kadi." Kadi haichajiwi chini ya elfu kumi, mchezo ni elfu tatu. Ukishacheza mara tatu inabaki elfu moja, isiyotosha mchezo wala kurudishwa. "Baba, si tuongeze mbili tu?" Mbili haziongezwi. Kisha soksi: kwenye trampolini huingii bila soksi zao, na zilizoko miguuni mwake hazikuwa zao. Tulitoka saa mbili baadaye tukiwa na chipsi, soksi na kadi yenye elfu moja. Balbu niliikumbuka tulipofika nyumbani, nikipapasa swichi gizani.

Akina Ghermezian hawakuishia Edmonton na Minnesota. Oktoba 2019 walifungua American Dream huko East Rutherford, New Jersey, na safari hii michezo ilitangulia; sehemu kubwa ya maduka ilikuwa bado haijawa tayari. Miezi mitano baadaye korona ikafunga kila kitu. Ili kupata mkopo wa ujenzi walikuwa wameweka rehani asilimia 49 ya majengo yao mawili ya zamani, la Edmonton na la Minnesota, na mwaka 2021 wakopeshaji wakazichukua hisa hizo.

Pale New Jersey kuna jambo jingine linalochekesha. Jengo liko wilaya ya Bergen, yenye sheria ya zamani inayozuia kuuza nguo na fanicha siku ya Jumapili. Sheria hiyo haigusi michezo. Kwa hiyo, maduka yalipoanza kazi, Jumapili ilikuwa hivi: ya nguo yamefungwa, na rola kosta zimejaa. Baba ameketi benchi akishikilia makoti ya watoto wanne, hana pa kununua hata shati, na mkubwa wao anarudi mbio kumwambia tiketi zimekwisha.