Kikantoni si Kichina Kibovu

Husemwa mara nyingi kwamba watu wa Guangzhou na Hong Kong husema Kichina kilichopotoka, na kwamba Kichina cha kweli ni kile cha Beijing tu. Neno hili lafaa lichunguzwe, maana mtu aambiwaye kwamba asema vibaya nyumbani kwake huishia kuona haya mbele ya wanawe.

Tuanze na asili. Mwaka 214 kabla ya Kristo majeshi ya dola ya Qin yaliiteka nchi ya kusini ambayo wenyeji wake waliitwa Wayue. Qin ilipoanguka, jemadari wake mmojawapo, Zhao Tuo, alijitwalia nchi hiyo, akaiita Nanyue, na kuweka makao yake mahali palipo Guangzhou leo. Ufalme huo ulidumu hata mwaka 111 K.K., ulipomezwa na dola ya Han. Kaburi la mjukuu wake, Zhao Mo, lilifukuliwa mjini humo mwaka 1983. Karne baada ya karne wahamiaji wa kaskazini waliteremka, wakachanganyika na wenyeji; Wakantoni ni wazao wa pande zote mbili. Hata hivyo wenyewe hujiita watu wa Tang, kwa jina la dola iliyotawala tangu 618 hata 907, na mitaa yao ya ng'ambo, kama ule wa San Francisco, huiita mitaa ya watu wa Tang.

Lugha yao yashuhudia nasaba hiyo. Maneno ambayo zamani za Tang yalikoma kwa sauti za p, t na k, hata leo hukatika vivyo hivyo kinywani mwa Mkantoni. Beijing sauti hizo zimekwisha potea. Kula kwake ni sik, kunywa ni yam, nayo ni maneno ya vitabu vya kale. Beijing husemwa chi na he. Tena jogoo humwita gai gung, yaani “kuku dume”, dume likifuata kuku kama tusemavyo sisi, hali Beijing dume hutangulia. Wako wataalamu waonao humo alama ya lugha za wenyeji wa kale. Basi aliyepotoka ni nani?

Wala lugha hii si ya mashairi na sokoni tu. Wafanyakazi wa Hong Kong na Guangzhou walipogoma dhidi ya ubeberu wa Waingereza, tangu Juni 1925 hata Oktoba 1926, mpaka uliowekwa na mkoloni haukuwatenga, kwani walielewana kwa usemi mmoja.

Hatusemi kwamba China haihitaji lugha ya taifa. Mfanyakazi atokaye Sichuan kwenda kiwandani Guangdong atasemezanaje na mwenzake? Sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2001 iliithibitisha lugha hiyo mashuleni na maofisini. Lakini kueneza lugha moja ni jambo moja, na kuidharau nyingine ni jambo jingine.

Julai 2010 baraza la ushauri la Guangzhou lilipendekeza televisheni ya mji iongeze matangazo kwa lugha ya taifa, kwa ajili ya Michezo ya Asia. Tarehe 25 watu wengi walikusanyika barabarani kupinga. Wakuu wa mji wakakana kwamba wana nia ya kukifuta Kikantoni. Darasani, hata hivyo, mambo ni mengine: watoto wengi wa Guangzhou huelewa asemayo bibi yao, kisha humjibu kwa lugha ya shule.