Katuni Si ya Watoto Tu: Tuliyojifunza Magarama Siku ya Sinema



Safari hii hatuandiki juu ya mishahara wala barua za kuachishwa kazi. Tunaandika juu ya sinema. Pengine mtauliza, sinema inaingiaje katika ukurasa wa chama cha wafanyakazi? Tunawaomba msome hadi mwisho, kwani mwanzo wa habari hii ni aibu yetu wenyewe, na mwisho wake ni jasho la wafanyakazi wenzetu walio mbali.

Sisi wa tawi la Magarama, hapa Gitega, tuna mfuko wa kusaidiana. Mwenzetu akifiwa au akiugua, mfuko humshika mkono. Mwezi ule mfuko ulikuwa mtupu, na mjane wa mwenzetu mmoja alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Tukaamua kukodi chumba cha video Jumapili moja baada ya mshahara, tutoze kiingilio kidogo, na faranga zote zimwendee mjane. Kazi ya kuchagua filamu tukawaachia vijana. Wakaja na flashi, wakasema, "Tumepata katuni ya kuchekesha, vyakula vinasema kama watu." Hakuna hata kiongozi mmoja aliyeitazama kwanza. Tulisikia neno katuni, tukatangaza mtaani kwamba wazazi waje na watoto wao.

Filamu yenyewe inaitwa Sausage Party. Ilitolewa Marekani mwaka 2016. Habari yake ni hii: vyakula vimepangwa katika duka kubwa, na kila asubuhi vinaimba kuwasifu wanunuzi. Vinaamini kwamba anayechaguliwa na kutolewa nje ya mlango anakwenda peponi. Kumbe huko nje ni jikoni, na jikoni kuna kisu na maji ya moto. Soseji mmoja anagundua ukweli, anajaribu kuwaambia wenzake, nao hawataki kusikia.

Habari hiyo si mbaya. Ubaya uko katika namna ilivyosimuliwa. Matusi yanaanza mapema na hayapumziki, na mwisho wake ni mambo ambayo kalamu yetu haiandiki. Nchini Marekani kwenyewe mtoto wa chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia bila mzazi au mlezi. Ufaransa waliweka miaka 12. Vyama vingine vikaenda mahakamani mwaka huo huo kutaka umri upandishwe, na mahakama haikukubali. Hata huko basi watu hawakuwa na neno moja.

Sasa tazameni yaliyotokea kwetu. Chumba kilijaa. Mbele, chini, watoto walikaa mkekani. Kijana mmoja alishika kipaza sauti kutufasiria kwa Kiswahili na Kirundi, kama desturi ya vyumba vya video katika nchi zetu. Wengi wenu mnazijua filamu za kufasiriwa, zile ambazo Rwanda na hapa kwetu huitwa agasobanuye, na wazee wanakumbuka kanda za Lufufu wa Tanzania. Mfasiri huyo alianza kwa furaha, na watu wakacheka. Tusi la kwanza akalifasiri. La pili akaliongezea chumvi. Vijana wa nyuma wakapiga miluzi. La tatu, akawatazama watoto pale mkekani, akanyamaza. Lakini picha haihitaji mfasiri. Mama mmoja, mchuma chai aliyekuja kuwasalimu ndugu zake, akasimama, akawashika wanawe wawili mkono, akatoka bila neno. Akina mama wengine wakamfuata. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hivi ndivyo chama kinavyotufundishia watoto?" Tukazima mashine.

Jumatano tuliitisha mkutano, na viongozi tulikaa upande wa washtakiwa. Tulikiri kosa. Hatukuwatupia vijana lawama, kwa sababu waliotangaza ni sisi. Kila mzazi aliyedai kiingilio alirudishiwa. Kilichobaki hakikutosha kodi ya mjane, na hapo viongozi watano tukatoa kila mmoja ujira wa siku moja hadi deni likaisha. Haikuwa sadaka, ilikuwa faini.

Baada ya hapo wanachama walianza kuzungumza juu ya filamu yenyewe, na mazungumzo hayo yametufaa kuliko sinema. Ndugu mmoja wa kwaya alisema filamu ile inadhihaki imani, na hawezi kuitazama tena. Tulimwelewa. Mzee mmoja wa kukoboa kahawa, naye Mwislamu wa swala tano, alisema hivi: "Matusi sikuyapenda. Lakini wale wanaomwimbia sifa anayekuja kuwala niliwatambua. Nimefanya kazi miaka thelathini. Nimeona watu wakimpigia makofi tajiri siku ya sikukuu kwa soda moja, na kesho yake wanapunguzwa kazi." Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Kijana mmoja akajibu kwamba yeye alicheka matusi tu, wala hakuona somo lolote. Naye alisema kweli. Filamu moja, macho mbalimbali.

Ndugu msomaji, wengi wetu tulidhani katuni ni chakula cha watoto. Sivyo. Picha za kuchorwa ni ufundi tu, kama karatasi: waweza kuandika juu yake sala, na waweza kuandika tusi. Mwaka 1972 Ralph Bakshi alitoa Marekani katuni iitwayo Fritz the Cat, na huko ilikuwa katuni ya kwanza kupewa alama ya watu wazima peke yao. Mwaka 1999 ikaja filamu ya South Park, ambayo wachezaji wake ni watoto wadogo lakini maneno yake si ya watoto kabisa. Kenya, mwaka 2017, bodi ya filamu ilipiga marufuku vipindi sita vya katuni vya televisheni kwa hoja ya maadili. Wako walioshangilia na wako waliopinga. Sisi tunasema, flashi haipiti mbele ya bodi yoyote. Inapita mfukoni. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni yule anayefungua mlango wa chumba.

Tumeahidi kuwaeleza habari ya jasho. Katuni haijichori. Filamu ile ilichorwa katika kampuni ya Nitrogen Studios, mjini Vancouver, Kanada. Iligharimu kiasi cha dola milioni 19, na iliingiza karibu dola milioni 140. Ilipotoka tu, baadhi ya wachoraji walijitokeza kulalamika kwamba walifanyishwa saa za ziada bila malipo, na kwamba majina ya wengi wao hayakuwekwa mwishoni mwa filamu. Chama cha wafanyakazi cha Unifor kilisimama nao, malalamiko yakapelekwa kwenye idara ya serikali ya jimbo inayosimamia masharti ya kazi. Mwaka 2019 idara iliamua kwamba wachoraji walistahili malipo ya saa za ziada. Mwaka uliofuata, wachoraji wa kampuni nyingine ya Vancouver, Titmouse, walipiga kura kwa wingi mkubwa kujiunga na chama. Wala si jambo jipya. Wachoraji wa Walt Disney waligoma mwaka 1941.

Mnaona, ndugu zetu? Filamu inasimulia vyakula vilivyodanganywa, na waliokuwa wakiichora walikuwa wanadai haki yao. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, unahusu saa za kazi: saa 8 kwa siku na 48 kwa juma. Anayechuma chai, anayekoboa kahawa na anayechora soseji inayosema, wote saa zao zinahesabika.

Mkutano wetu ulipitisha maazimio haya, nasi tunayatoa kwa matawi mengine:

Kwanza, filamu yoyote ya chama itatazamwa kwanza na watu watatu, mmoja wao awe mama.

Pili, umri utatangazwa mlangoni, na asiyefikia hataingia hata akiwa mtoto wa mwenyekiti.

Tatu, baada ya sinema kutakuwa na mazungumzo, kila mtu aseme alichokiona.

Nne, majina ya mwisho wa filamu hayatakatwa. Tutayaacha yapite hadi mwisho, kwa heshima ya waliofanya kazi, na tutawakumbuka wale ambao majina yao hayapo.

Yule mama mchuma chai tulimwendea nyumbani kwa ndugu zake kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, akasema, "Mkionyesha nyingine, niiteni mimi niitazame kwanza." Basi yeye ndiye wa kwanza katika wale watatu.

Umoja ni nguvu, na kosa lililokiriwa mkutanoni ni shule.