Shule ya Kimataifa, Daftari Liko Wapi?

Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, natafuta kanzu ya mjukuu. Mwenye duka, kijana ninayemfahamu tangu enzi za marehemu baba yake, akanivuta kando. "Mzee, shikamoo. Nimeletewa karatasi ya shule. Wanasema ni ya Kiislamu, tena ya kimataifa. Ada yake si mchezo. Nimpeleke mtoto?"

Swali hilo ni la wengi, ndiyo maana nimelileta leo.

Hiyo "kimataifa" kwanza ni mitihani. Shule nyingi za Kiislamu hapa Dar es Salaam hufuata mtaala wa Serikali, watoto wakafanya mtihani wa Baraza la Mitihani. Chache hufuata ule wa Cambridge. Pili ni lugha: Kiingereza darasani, Kiarabu kikitiliwa mkazo. Haya mzazi huyaona mwenyewe mwisho wa muhula. Lakini lipo la tatu, ambalo halichapwi kwenye karatasi, nalo ni fedha na walimu kutoka nje. Hapo ndipo pa kuuliza.

Fedha za nje si jambo geni kwetu. Wazee wa Al-Jamiatul Islamiyya, chama kilichoanzishwa hapa mjini mwaka 1933, walikuwa na shule yao iliyofundisha dini na masomo mengine, wakichangishana wenyewe. Mwaka 1945, huko Mombasa, Aga Khan Sultan Muhammad Shah akaanzisha jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ile iliyojulikana kama EAMWS. Utaratibu wake ulinipendeza tangu nilipousikia: Waislamu wakichanga shilingi, yeye huongeza shilingi. Asiyechanga hapati. Kwa hiyo kila jengo lilikuwa na wenyewe. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku hapa Tanzania mwaka 1968.

Baadaye wakaja wafadhili wa aina nyingine, wanaoleta kila kitu. Watu hushukuru, na wana haki ya kushukuru. Lakini mfadhili naye ana mambo ya kwao. Shirika la Al-Haramain la Saudi Arabia lilikuwa na ofisi hapa. Januari 2004 tawi lake la Tanzania likaingizwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, na mwaka huo huo serikali ya Saudi Arabia yenyewe ikatangaza kulivunja shirika zima. Sisemi nani alikuwa na kosa. Nasema uamuzi ulipitishwa mbali, na msaada ukakatika hapa.

Mpwa wangu aliwahi kufundisha hesabu kwenye shule moja, jina nalihifadhi. Mfadhili alipoacha, ikagundulika kwamba akaunti ya benki ilikuwa kwa sahihi zake, na hata hati ya kiwanja hakuna mzazi aliyejua iko wapi. Walimu walikaa miezi mitatu bila mshahara. Wa kwanza kuondoka alikuwa wa fizikia, maana huyo hakosi kazi.

Sasa tazama mpango wa shule za awali za madrasa. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walimwomba msaada Aga Khan Karim. Kazi ikaanza 1986 chini ya Bi Swafiya Said, ikafika Zanzibar 1990, kisha Uganda. Wataalamu walitoka nje na mbinu za kufundisha zilitoka nje, lakini wenyeji ndio waliotoa chumba, wakachagua kamati, wakateua mabinti wa mtaani wasomeshwe ualimu. Baadaye ukatengwa mfuko mdogo, faida yake isaidie mishahara.

Nilipomweleza yule kijana alicheka. "Mzee, hii ni biashara yangu hii. Mzigo naagiza Guangzhou, lakini daftari la duka halitoki Kariakoo."

Nikamwambia basi aende na maswali hayo hayo. Hati ya kiwanja ni ya nani? Nani anatia sahihi hundi? Wazazi wamo kwenye bodi, au wanaitwa siku ya mahafali tu? Ada peke yake inatosha mishahara ya walimu kwa muhula mmoja?

Ameahidi kwenda Jumatatu, kabla ya kulipa hata senti. Kanzu alinipunguzia bei.