Elimu Pana Si Anasa ya Matajiri

Kila inapojadiliwa bajeti ya elimu hurudi swali lile lile: mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima wana haja gani na falsafa, historia, muziki au elimu ya nyota? Wapo wanaojibu, tena kwa nia njema, kwamba maskini afundishwe kwanza kazi ya kumpatia riziki, na hayo mengine yaachiwe wenye nafasi. Hoja hii ina sura ya busara, na kwa sababu hiyo yastahili kupimwa kwa makini. Leo safu hii inaipima kwa mfano wa chuo kimoja cha Marekani ambacho hakikujengwa kwa ajili ya matajiri.

Chuo hicho ni Berea, kilichoko katika mji mdogo wa jina hilo, jimbo la Kentucky, pembezoni mwa milima ya Appalachia, sehemu iliyojulikana kwa muda mrefu kwa machimbo ya makaa ya mawe na kwa ufukara wa wakazi wake. Kilianzishwa mwaka 1855 na John Fee, mhubiri aliyepinga utumwa katika jimbo ambalo bado liliuhalalisha. Mwaka 1859 watu wenye silaha waliwatimua walimu wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha walirejea, na katika mwaka wa masomo ulioanza 1866 walisajiliwa wanafunzi 187: Weusi 96 na Weupe 91, wakisoma pamoja. Kwa nchi iliyokuwa imetoka vitani juzi, hilo halikuwa jambo dogo.

Tangu mwaka 1892 Berea hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo. Gharama hulipwa kwa mapato ya hazina ya chuo na kwa michango ya wafadhili, na wanaopokewa ni vijana wa jamaa zenye kipato kidogo. Sharti ni kwamba kila mwanafunzi afanye kazi isiyopungua saa 10 kwa wiki. Wako wanaofuma nguo kwa vitanda vya mfumi, wanaotengeneza mifagio, maseremala, wanaolima, wanaohudumu katika hoteli ya chuo iliyofunguliwa mwaka 1909, na wanaosaidia katika maktaba na maabara. Hakuna anayesamehewa kwa sababu ya akili yake, wala anayedharauliwa kwa sababu ya kazi yake.

Msomaji asije akadhani kwamba hiki ni chuo cha ufundi. Kijana aliyeshika ufagio asubuhi hukaa darasani mchana kusoma kemia, fasihi, historia, falsafa, muziki, kilimo au uuguzi, na hatakiwi kujifungia katika fani moja tangu siku ya kwanza. Matunda yake yanajulikana. John Fenn, aliyehitimu mwaka 1937, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2002 kwa kuvumbua njia ya kupima molekuli kubwa za viumbe hai, kama vile protini. Juanita Kreps, mzaliwa wa wilaya ya machimbo ya makaa, alihitimu mwaka 1942, akawa mtaalamu wa uchumi, na mwaka 1977 akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Biashara ya Marekani. Mwandishi bell hooks, aliyetaka jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, alikwenda kufundisha huko mwaka 2004 akiwa na sifa duniani kote, akabaki hapo hadi alipofariki mwaka 2021.

Tena elimu hiyo haikufungiwa ndani ya madarasa. Kwa miaka mingi Berea kimekuwa na mfululizo wa mihadhara na maonyesho ambamo wataalamu, waandishi, wanamuziki na watetezi wa haki hualikwa kutoka kila upande. Wanafunzi wamewajibika kuhudhuria idadi maalumu kila muhula, na mahudhurio hayo yakahesabiwa katika masomo yao. Wananchi wa mji nao huingia bila kulipa kitu. Mahali palipozoeleka kwa shughuli hiyo ni jengo la Phelps Stokes, lililokamilika mwaka 1906 kwa mikono ya wanafunzi wenyewe. Aliyejenga ukuta huo alikuwa na haki ya kuketi ndani yake na kusikiliza.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba upana huo uliwatisha baadhi ya watu. Mwaka 1904 Bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kuwakataza Weusi na Weupe kusoma pamoja, na chuo kilicholengwa kilikuwa Berea. Chuo kilipeleka shauri hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1908 iliikubali sheria hiyo, Jaji Harlan akiipinga. Berea ikabidi iwatoe wanafunzi wake Weusi na kuchangia kuanzishwa kwa skuli nyingine kwa ajili yao, iliyofunguliwa karibu na Louisville mwaka 1912. Mlango haukufunguliwa tena kwao hadi mwaka 1950, sheria ilipolegezwa.

Miongoni mwa Weusi waliowahi kuhitimu kabla ya mlango kufungwa alikuwa Carter Woodson, aliyemaliza mwaka 1903. Kijana huyo, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alikuwa amefanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1912 alipata shahada ya udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya watu Weusi, ambayo leo ni mwezi mzima. Angeambiwa kwamba mchimba makaa hahitaji historia, taifa zima lingekosa mwalimu.

Hapa ndipo habari hii inapofika visiwani kwetu. Fedha za jengo lile la Berea zilitoka kwa Olivia Phelps Stokes. Dada yake, Caroline, aliacha wasia uliozaa mfuko wa elimu mwaka 1911, na mwaka 1924 tume ya mfuko huo, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwamo. Ripoti yake ilitoka mwaka 1925. Tume ilisisitiza kilimo, afya, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Mambo hayo yote ni mema, na hakuna mwenye akili atakayeyakataa. Kasoro ilikuwa katika kuwapimia Waafrika elimu kwa kibaba, kana kwamba mkono wenye jembe hauwezi kushika kitabu kizito. Woodson alikuwa mmoja wa wapinzani wakali wa Jones, kwani alijua kwa nafsi yake kwamba kazi na elimu pana hukaa katika mtu mmoja.

Sisi nasi tulikuwa na ushahidi wetu. Mwaka huo huo wa 1925 Unguja iliwazika wanazuoni wawili wakubwa, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Katika jadi ya darsa waliyoitumikia, mchukuzi na mfanyabiashara hukaa juu ya mkeka mmoja kusikiliza nahau, tafsiri na fikihi, na mwenye kusoma mirathi hana budi ajue hesabu. Haulizwi mtu kazi yake mlangoni.

Kwa hiyo tunaposema vyuo vyetu vifungue milango, hatuigi ugeni. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na vyuo vingine vya visiwani vina wataalamu wa bahari, kilimo, lugha, afya na historia. Na uwekwe mhadhara mmoja kila wiki, kwa Kiswahili fasaha, bila barua ya mwaliko, ukitangazwa katika kila shehia, Unguja na Pemba. Gharama yake ni taa, viti na nauli ya msemaji. Waheshimiwa viongozi nao wahudhurie, lakini wakae katika safu za wasikilizaji na si katika kiti cha mgeni rasmi, ili muda wa maswali ubaki kwa wananchi.

Ufundi ni lazima. Nchi haijengwi bila seremala na fundi umeme. Lakini atakayepanga masomo ya mtoto wa maskini asimpangie pia kikomo cha kujua. Berea imethibitisha kwa zaidi ya karne moja kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutolewa pamoja, bure, kwa wale wale tunaodhani hawayahitaji.