Bakshishi ya Melini na Mshahara wa Baharia

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo watu wa Nyeri wameiona kwa macho yao wenyewe. Hoteli ya Outspan ilifunguliwa mwaka 1928, na mwaka 1932 ikafuata Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, ambamo Binti wa Mfalme Elizabeth alilala usiku ule wa Februari 1952 alipofariki baba yake. Tangu siku hizo wapishi, watandikaji wa vitanda na wachukuzi wa mizigo wamejua kwamba mgeni aliyependezwa huacha kitu mkononi kabla ya kuondoka. Kadhalika wapagazi wa Naro Moru, wawachukuliao wageni mizigo katika Mlima Kenya, hungoja siku ya kushuka, kwa kuwa siku hiyo ndiyo ya bakshishi.

Siku hizi kijana wa Giakanja aliyejifunza kazi ya hoteli aweza kuupeleka ujuzi wake mbali zaidi ya mlima na msitu. Zipo meli kubwa za watalii zizungukazo bahari za dunia, nazo huandika watumishi kutoka Kenya. Kijana arudiye nyumbani na habari hiyo huwaambia wazazi wake mambo mawili: kwamba mshahara si mbaya, na kwamba bakshishi yapita mshahara. Basi baba hupiga hesabu, pengine hata kufikiri kuuza ng'ombe au kukodisha kipande cha shamba ili kijana apate nauli na karatasi zake. Kabla ya kufika hapo, yafaa jamaa yote ijue vema bakshishi ya melini ni fedha ya namna gani, kwa kuwa si sawa na ile ya Outspan wala ya Naro Moru.

Meli ya watalii ni hoteli ielekayo baharini. Moja yaweza kuchukua abiria elfu mbili, tatu, hata zaidi ya elfu tano, na watumishi wake wapita elfu moja. Wako watengenezaji wa vyumba, waandazi wa mezani na wasaidizi wao, wauzaji wa vinywaji, wapishi, waosha vyombo na wafuaji nguo. Mara nyingi meli hizo huandikishwa katika nchi kama Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na bendera ya nchi hiyo ndiyo ipepeayo juu yake. Kwa hiyo sheria ya mishahara ya Kenya haimfuati kijana huko, wala haimfuati ile ya Marekani ambako abiria wengi hutoka. Jambo limlindalo kwanza ni mkataba alioutia sahihi.

Zamani desturi ilikuwa rahisi. Usiku wa mwisho wa safari abiria alitia fedha katika bahasha, moja ya mtengenezaji wa chumba chake na nyingine ya mwandazi wake, akawapa kwa mkono. Aliyetumikia vizuri alipata, na mwosha vyombo ambaye abiria hakumwona hakupata kitu. Makampuni mengi yameiacha njia hiyo. Siku hizi kila abiria hutozwa ada ya kila siku, ambayo huandikwa katika hesabu yake bila yeye kuombwa. Katika makampuni makubwa ya Marekani ada hiyo ni kama dola 16 hadi 20 kwa mtu mmoja kwa siku moja, na wakaao vyumba vya fahari hutozwa zaidi. Anunuapo kinywaji, huongezwa tena sehemu ya 18 hadi 20 kwa mia juu ya bei. Fedha ya ada ya kila siku huingia katika mfuko mmoja, kisha hugawanywa kwa kadiri ya kazi na cheo cha kila mtumishi. Nahodha, maofisa na mafundi wa mitambo hawamo katika mgawo huo. Wao hulipwa mshahara peke yake.

Hapa ndipo hesabu nyingi za nyumbani hupotea njia. Tuseme mtengenezaji wa vyumba ana vyumba 16, na kila chumba kina abiria wawili. Hao ni watu 32. Kila mmoja akitozwa dola 16 kwa siku, jumla ni dola 512 kwa siku moja, na kwa siku 30 ni dola 15,360. Mtu akiiona hesabu hiyo juu ya karatasi, hudhani kwamba utajiri umefika mlangoni. Lakini fedha hiyo si ya mtengenezaji wa vyumba. Ndani yake mna fungu la mwandazi, la msaidizi wake, la mkubwa wao, na katika makampuni mengine la wapishi, wafuaji nguo na wengine wasioonekana na abiria. Fungu limfikialo mtu mmoja ni dogo mno kuliko jumla ile, na kampuni ndiyo iwekayo kanuni ya mgawo. Wala si kila abiria hulipa. Katika makampuni mengine abiria aweza kwenda kwa karani wa meli akaomba ada ipunguzwe au iondolewe kabisa, naye husikilizwa.

Mtu akitaka kuyaelewa mambo haya, na atazame chai yake mwenyewe. Mkulima wa Tetu apelekaye majani katika kiwanda cha Gathuthi hulipwa kila mwezi kwa hesabu ya kilo, na mara moja kwa mwaka hulipwa bonasi. Malipo ya mwezi huyajua mapema. Bonasi haijui mpaka itangazwe, kwa kuwa hutegemea bei ya mnada wa Mombasa, thamani ya shilingi na gharama za kiwanda. Mwaka huu hupanda, mwaka ujao hushuka. Mkulima mwenye busara hamwahidi mwalimu karo kwa bonasi ambayo haijatangazwa. Basi mshahara wa melini ni malipo ya mwezi, na bakshishi ni bonasi.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo chai haina, nalo ndilo liwakwazalo wengi. Mikataba ya melini haisemi namna moja. Mikataba mingine huhesabu bakshishi ndani ya malipo: kampuni huahidi jumla fulani kwa mwezi, na bakshishi ikipungua, huongeza mpaka jumla ile itimie. Mingine huweka mshahara mdogo, na bakshishi huja juu yake, iwe nyingi au kidogo. Kwa mfano, tuseme mkataba wa kwanza waahidi dola 1,000 pamoja na bakshishi, wala hazizidi. Na wa pili waahidi dola 700, na bakshishi mbali. Mwezi ambao bakshishi ni dola 500, mtu wa mkataba wa kwanza hupata 1,000, na wa pili 1,200. Mwezi ambao bakshishi ni dola 100 tu, wa kwanza hupata 1,000 zile zile, na wa pili 800. Hapana mkataba ulio mbaya kati ya hiyo miwili. Ubaya ni mtu kuwa na wa kwanza huku akidhani ana wa pili, akawaandikia jamaa zake kwamba atapokea dola 1,500.

Tena liko neno limtatizalo hata karani aliyesoma. Kiingereza hutumia neno moja kwa bakshishi ya mgeni na kwa kiinua mgongo, yaani fedha apewayo mtumishi amalizapo utumishi wake. Kijana aliyekwisha kuwaona wazee wakipokea kiinua mgongo serikalini aweza kulisoma neno hilo katika mkataba wa meli akafikiri kwamba amewekewa akiba ya mwisho. Sivyo. Katika karatasi za melini, neno hilo kwa kawaida ni ile ada ya abiria tu, na mkataba wa miezi sita hadi tisa ukiisha, bakshishi nayo huisha.

Bakshishi yaweza kukoma hata kabla ya mkataba kuisha. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, meli za watalii zilisimamishwa karibu dunia nzima. Abiria waliteremka, lakini maelfu ya watumishi walibaki melini kwa wiki na miezi, kwa kuwa bandari zilifungwa na ndege haziruki. Pasipo abiria hapana ada, na pasipo ada mfuko ni mtupu. Watu waliokuwa wamepanga maisha ya nyumbani juu ya bakshishi waliona siku hizo kwamba fedha ile haikuwa yao mpaka iwe mkononi. Yako pia makampuni ambayo yameiacha desturi hiyo kwa hiari. P&O Cruises ya Uingereza iliiondoa ada ya kila siku mwezi wa Mei 2019, ikaiweka gharama ya utumishi ndani ya bei ya safari. Katika meli za namna hiyo kijana hana budi kuutazama mshahara wenyewe.

Sasa lipo jambo la kumpa mzazi moyo. Mabaharia wana sheria yao ya mataifa, iitwayo Mapatano ya Kazi za Baharini ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika Agosti 2013, na Kenya iliikubali mwaka 2014. Sheria hiyo humhesabu mwandazi na mtengenezaji wa vyumba kuwa mabaharia, sawasawa na mshika usukani. Yasema kwamba baharia apewe nafasi ya kuusoma mkataba na kutaka shauri kabla ya kutia sahihi, tena apewe nakala yake mwenyewe. Alipwe kila mwezi au kabla yake, na apewe hesabu iliyoandikwa ya fedha zake. Aweze kuwapelekea jamaa zake sehemu ya mapato. Apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Mkataba ukiisha, mwenye meli amrudishe kwao kwa gharama yake.

Juu ya hayo yote, sheria yakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoruhusiwa kuwa juu ya baharia ni za cheti cha afya kitakiwacho na sheria, kitabu cha baharia, na pasipoti au karatasi za safari za namna hiyo. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Mafunzo ya usalama baharini ni jambo lingine: karo yake hulipwa chuoni kwa risiti, kama ilivyo katika Chuo cha Bandari cha Mombasa. Lakini mtu asemaye, "Leta fedha nikuandikie kazi, utazirudisha kwa bakshishi ya mwezi wa kwanza," ametamka maneno mawili ya upotofu kwa pumzi moja. Ada aitakayo imekatazwa, na bakshishi anayoiweka rehani si yake wala si ya kijana. Mtu wa namna hiyo na aulizwe kibali chake, na kibali hicho kikahakikishwe kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, yenye makao yake makuu Mombasa, kabla ng'ombe hajatoka zizini.

Basi kijana aliyepewa mkataba na aketi na baba yake na mama yake, wausome pamoja, wakiuliza maswali haya. Mshahara usiopungua kwa mwezi ni dola ngapi? Je, bakshishi imehesabiwa ndani yake au nje yake? Ni nani awekaye kanuni ya mgawo wa mfuko, na mtumishi wa cheo hiki hupata fungu gani? Bakshishi aliyopewa kwa mkono ni yake, au yapasa kupelekwa mfukoni? Swali hili la mwisho si la mzaha, kwa kuwa katika makampuni mengine abiria akiiondoa ada yake kisha akampa mtumishi noti mkononi, noti hiyo hutakiwa mfukoni, na mtumishi aifichaye aweza kufukuzwa kazi. Mwisho, ni gharama gani zitakatwa katika mshahara? Jibu lolote litolewalo kwa mdomo tu na litafutwe katika karatasi. Wazee walisema, usiandikie mate na wino ungalipo.

Kijana akiisha kuondoka, jamaa nayo ina kazi yake. Karo ya mdogo wake, deni la duka na mbolea ya kahawa na vipangwe kwa mshahara ule usiopungua tu. Bakshishi ijapo, na itumike kwa vitu visivyolia njaa: mabati, tangi la maji, ng'ombe wa maziwa, akiba katika chama cha ushirika. Hapo mwezi wa bakshishi chache hautamkosesha mtoto kiti darasani, wala baharia hataona haya kuandika barua ya kweli kutoka huko aliko, akisema mwezi huu abiria walikuwa wachache na mfuko ulikuwa mwepesi.